Shule ya Sebuleni

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri gari la shule linapiga honi getini kwetu. Si honi fupi ya kistaarabu, ya kubisha hodi. Ni ile ndefu, ya dereva mwenye watoto kumi na tisa wa kuokota kabla foleni ya Kimara haijafunga, anayetaka mtaa mzima ujue kwamba mwenye nyumba hii analipa nauli ya muhula kwa awamu. Jogoo wa jirani, ambaye zamani ndiye aliyekuwa na kazi hiyo, siku hizi anaamka baada ya mwanangu.

Mwanangu mwenyewe haamki. Anaamshwa, anaoshwa, anavishwa, anashikishwa chapati na kubebwa mpaka kwenye kiti, yote hayo akiwa amelala. Ana miaka minane, yuko darasa la pili. Shule iko kilomita kumi na moja kutoka hapa na masomo yanaanza saa moja na nusu. Ukiuliza karibu saa tatu hizo zinakwenda wapi, utajibiwa kwa neno moja: ruti. Gari linaanzia kwetu, linaelekea upande ambao shule haipo, linazunguka mitaa ambayo hata wauza maji hawaijui, halafu linarudi na kupita tena mbele ya nyumba yetu saa kumi na mbili kasoro robo. Nimewahi kusimama getini na mswaki mdomoni nikampungia mwanangu mkono kwa mara ya pili asubuhi hiyohiyo. Hakuniona. Alikuwa amelala.

Nilikwenda kulalamika. Nikaambiwa kwa upole kwamba mwaka jana walilalamika wazazi wa upande wa pili, na mwaka huu zamu ni yangu.

Katika hali hiyo ya kukosa usingizi ndipo shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Marekani.

Shemeji amemwoa dada yangu, wanaishi Houston, Texas, huu mwaka wa kumi na nne. Wana watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga darasa. Si kwamba wamekosa ada, wala hawakufukuzwa popote. Wanasomea nyumbani. Dada yangu ndiye mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa zamu na mpishi. Shemeji ni kamati ya shule. Walifika mwezi wa tisa, wakati watoto wenzao wa Texas wako madarasani, na nilipouliza kama si utoro huo, shemeji akanionyesha sanduku la bluu pale mlangoni. Shule wamekuja nayo.

Jumapili tukakaa kwenye pilau. "Kule kwetu, shem," akaanza. Kule kwetu! Mtu wa Ifakara huyu. "Kule kwetu serikali haikufuati mlangoni." Akanieleza kwamba majimbo yote 50 ya Marekani yanaruhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani, na Texas ndiyo imelegeza kamba kuliko karibu yote. Mtoto ambaye hajawahi kuandikishwa shuleni, humpelekei mtu taarifa. Mtihani wa serikali hafanyi. Sheria inataka masomo matano tu: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Walishabishana kortini miaka mingi, mpaka 1994 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikasema kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati ihesabiwe kama shule binafsi, basi.

"Na mkaguzi?"

"Hakuna."

"Mchango wa mahafali?"

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Hapo ndipo wivu uliponishika rasmi. Mimi nalipa shilingi 2,800,000 kwa mwaka, bila gari, bila chakula, bila fulana ya siku ya michezo ambayo rangi yake hubadilishwa kila mwaka ili ya mwaka jana isifae. Na mwaka juzi mwanangu alifanyiwa mahafali ya chekechea na joho. Joho! La kukodi! Mtoto alikuwa hajui kufunga kamba za viatu, lakini amehitimu.

Ningeweza kuyavumilia yote kama watoto wa shemeji wangekuwa na kasoro. Nilizitafuta, sifichi. Wakaamkia shikamoo mmoja mmoja, mikono miwili. Binti yao wa miaka kumi na miwili alimkuta mwanangu analia juu ya hesabu ya kutoa, ile ya kukopa kwa jirani, akachukua maharage kwenye ungo akamwelekeza mpaka akaelewa. Mdogo wao wa mwisho akataja vilele vitatu vya Kilimanjaro: Kibo, Mawenzi na Shira. Nikamgeukia wangu, wa milioni mbili na laki nane, nikamuuliza naye Kilimanjaro ni nini.

"Maji," akasema.

Kasoro niliipata jioni, na niliishika kwa mikono yote. Watoto wa mtaa walikuja kuwaita wageni wakacheze kombolela. Yule wa kati akasimama pembeni, mikono nyuma, akauliza kwa heshima kabisa: "Anayesimamia mchezo huu ni nani?" Mtaa mzima ukamtazama. Nikamwonyesha shemeji kwa kidevu, kama kusema, unaona? Bahati mbaya, ndani ya nusu saa mtoto huyo ndiye aliyekuwa akikomboa wenzake wote.

Usiku nikamuuliza shemeji, sasa kwa nini hasa. Nilitegemea aniambie habari za dini, au za mitaala, maana ndivyo wanavyobishana huko kila siku. Akakaa kimya kidogo. Akasema mwaka 2022, mwezi wa tano, mtu mwenye bunduki aliingia shule ya msingi katika mji wa Uvalde, Texas hiyohiyo, akaua watoto 19 na walimu wawili. Mkubwa wao alikuwa na umri kama wa wale watoto. Walikuwa tayari wanamsomesha nyumbani, lakini walikuwa wamefikia mahali pa kusema mwaka ule wamwandikishe. Fomu wameshaijaza. "Dada yako aliichana," akasema.

Hapo sikuwa na utani. Nikamwongezea chai.

Tatizo lilianza wageni walipokwenda kulala. Mama watoto alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa ameshika tama, nami namjua mke wangu, akishika tama kuna fedha itatoka au kazi itaingia. "Baba watoto," akasema, "na sisi si tungeweza?"

Nikamkumbusha kwamba tulishaweza. Mwaka 2020.

Machi 17 mwaka huo serikali ilifunga shule kwa sababu ya korona, na za msingi hazikufunguliwa mpaka Juni 29. Binti yetu mkubwa, ambaye leo yuko kidato cha tatu, alikuwa darasa la tano katika shule ya serikali, palepale mtaani. Ni shule nzuri, ila darasa lao lilikuwa na watoto 113 na mwalimu mmoja ambaye akifika dawati la mwisho kusahihisha, la kwanza wameshasahau swali. Wengine wanaingia asubuhi, wengine mchana, kama walinzi. Siku ya kuandikisha tulipeleka ufagio wa chelewa na ndoo. Ada haipo tangu Januari 2016, hilo niliseme kwa haki. Lakini kuna mlinzi, kuna uji, kuna mtihani wa majaribio, na vyote hivyo ni hiari ya kila mzazi, na majina ya wasiotaka husomwa mstarini.

Basi nikasema, hii korona ndiyo nafasi yangu. Miaka mitano nimelalamikia walimu. Sasa wangeona kazi inavyofanywa. Nikanunua manila, nikachora ratiba na rula. Saa mbili Hisabati. Saa mbili na dakika arobaini Kiswahili. Saa nne mapumziko. Nikabandika ukutani juu ya televisheni, nikavaa shati la kuchomekea na suruali ya kulalia, kwa kuwa chini hakuna mkaguzi anayefika. Nikaita mahudhurio: waliopo mmoja, watoro hakuna. Nikajisikia mwalimu mkuu.

Binti akakataa kuanza mpaka avae sare. Akakataa kuingia mpaka kengele ilie. Shuleni kwao ni ringi ya gari inayogongwa kwa nondo, mimi nikagonga sufuria. Akasema lazima awepo kiranja. Nikamteua yeye. Dakika tano baadaye akawa ameandika kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri sana, "Wapiga kelele", na chini yake jina moja tu, la kwangu, kwa sababu nilikuwa naongea na simu.

Somo la kwanza likaniaibisha. Kigawe Kidogo cha Shirika. Ndugu msomaji, mimi nimefaulu darasa la saba, nimefaulu kidato cha nne, nina shahada, na ninatia saini hati za watu. Lakini kati ya kigawe na kigawo kuna herufi moja, na herufi hiyo ilinizuia mlangoni kama askari wa benki. KDS ni ya kigawe, KKS ni ya kigawo, au ni kinyume? Nikafungua kitabu, kitabu kikasema "rejea ulichojifunza darasa la nne". Nikasema tuanze na Kiswahili. Binti akaniandika tena kwenye karatasi yake.

Siku ya pili, mtoro alikuwa mwalimu. Nilisema nina kikao. Kikao kilikuwa chini ya mwembe wa jirani, lakini ni kikao.

Niliporudi nikakuta darasa linaendelea. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la nguo mbele yake, anafua na kufundisha. Huyu ni dada wa kazi, aliyekuja kwetu 2019 kutoka Singida. "Sikiliza," alikuwa akimwambia binti. "Mimi nafua kila baada ya siku tatu. Napiga pasi kila baada ya siku nne. Leo nimefua na kupiga pasi. Kazi zote mbili zitanikuta tena pamoja siku ya ngapi?"

Binti akahesabu kwa vidole. Tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Nne, nane, kumi na mbili.

"Kumi na mbili!"

"Hiyo ndiyo KDS. Ni siku ninayochoka."

Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyesomewa hukumu. Halafu nikarudi kwenye kikao.

Habari za Dada kujua hesabu zikatembea. Nyumba zetu zimebanana, kuta hazina siri. Siku ya nne akaja mtoto wa jirani wa kulia, amebeba daftari, amesema ametumwa chumvi. Chumvi hakuchukua. Siku ya tano wakaja wawili wa nyuma. Wiki ilipokwisha sebuleni kwangu kulikuwa na watoto kumi na mmoja, na ndipo mambo niliyokuwa nikiyasikia kwa viongozi miaka yote yalipoanza kunipata mimi. Viti havitoshi, wengine wakae chini. Chaki hazitoshi, wazazi wachangie. Mzazi mmoja akasema elimu ni bila malipo, kwa nini achangie chaki? Nikamwambia ni hiari. Akasema basi hataki. Nikajikuta nalisoma jina la mwanawe mbele ya wenzake.

Kelele zikazidi, Dada akawagawa: wadogo asubuhi, wakubwa mchana. Saa ya mapumziko wakadai mama wa barafu, kwani wamezoea kwamba getini lazima pauzwe kitu, na mke wangu, ambaye hajawahi kuona nafasi ya biashara akaiacha ipite, akaanza kuuza ubuyu na barafu za ukwaju kwa shilingi mia. Choo kikaziba. Nilipoona foleni ya watoto chooni kwangu nilielewa kwa nini mwalimu mkuu wa binti yangu huwa anaongea na ukuta.

Nilitaka kumtoa mtoto wangu mmoja kwenye darasa la watoto 113. Badala yake nilikuwa nimeanzisha shule ya umma, na choo kimoja.

Mwenyekiti wa mtaa akaja. Nikajua tumekwisha, maana mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, na mimi nilikuwa na mkusanyiko mpaka chini ya meza. Akasimama uani, akatazama, akanawa mikono kwenye ile ndoo yenye koki, akakohoa. Watoto wote wakanyamaza kwa kuwa kukohoa siku zile kulikuwa habari kubwa. Akauliza ni nani mwalimu. Nikamwonyesha Dada. Akamwita pembeni, wakanong'ona. Kesho yake akamleta mjukuu wake.

Wiki mbili zilizofuata tulipunguza watoto na kuwakalisha uani wakiwa mbalimbali, kwa hofu zaidi kuliko kwa sheria. Vipindi vya televisheni vilikuja kutusaidia, siku ambazo umeme ulikuwepo. Juni 29, ringi ya gari ilipogongwa kule shuleni, nilikuwa wa kwanza getini na mtoto wangu. Nikamsalimu mwalimu wake, yule wa watoto 113, kwa mikono miwili. Alishangaa. Tangu siku hiyo sijamlalamikia tena, angalau si kwa sauti.

Sasa utauliza, kama nilimheshimu mwalimu wa serikali kiasi hicho, huyu mdogo alifikaje kwenye gari la saa kumi alfajiri? Jibu ni mke wangu, na jibu la mke wangu ni watoto wa majirani, waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yetu wakisema "gudi moningi anko". Kuna hoja ambazo mwanamume hawezi kuzijibu. Serikali yenyewe inafundisha msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza inamgeuzia mtoto masomo yote kwa Kiingereza usiku mmoja, kama mwenye nyumba anayebadilisha kitasa bila taarifa. Kila mzazi anatafuta ufunguo wake. Mimi nimenunua wa bei ghali na mwanangu analala nao garini.

Hayo yote nilimweleza mama watoto usiku ule, kwa urefu. Akasema 2020 tulishindwa kwa sababu mimi sikuwa makini. Kesho yake jioni akaiitisha kesi upya, mbele ya shemeji, dada yangu, na Mwalimu.

Mwalimu ni jirani yetu mstaafu. Ana miaka 68 na bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya bluu. Alianza kufundisha akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye zile mbio za Elimu ya Msingi kwa Wote, alipopewa watoto 74 chini ya mti na kuambiwa hilo ndilo darasa. Watu huwataja walimu wa kundi lake kwa kebehi, "walimu wa UPE", kama vile ni bidhaa ya daraja la pili. Ukilitamka neno hilo mbele yake anakushughulikia kwa kalamu nyekundu.

Akamsikiliza shemeji mpaka mwisho, masomo matano, mahakama, sanduku la bluu. Kisha akasema: "Mwanangu, mwaka 1974 tulikaa Musoma tukasema, ikifika 1977 kila mtoto awe shuleni." Hakukaa yeye Musoma, walikaa wakubwa wa TANU, lakini Mwalimu huyu anaposema tulikaa, anakaa. "Mimi nilipita nyumba kwa nyumba. Kuna wazazi walificha watoto kwenye vihenge, juu ya mtama. Nimewatoa kwa mikono yangu, wengine wana pumba puani. Leo wewe unakuja na ndege kuniambia turudishe watoto kwenye vihenge?"

Shemeji akasema kihenge chake kina intaneti.

Mimi, kwa kuwa sikuweza kuwa upande wa mtu yeyote, nikaingiza Mwalimu mwenyewe, yule mkubwa. Nikasema Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili. Mpaka hapo alikuwa nyumbani anachunga mbuzi, na hakuharibika. Tena si yeye aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilalamika kwamba shule inamtenga mtoto na jamii iliyomzaa? Nikaona nimewaweza.

Jirani yangu akatoa kalamu nyekundu, sijui kwa nini. "Alitaka shule isijitenge na kijiji," akasema. "Kila mtu kujijengea kijiji chake sebuleni hakukutaja. Halafu," akageuka kwa mke wangu, "sheria ya mwaka 1978 inasema mtoto wa miaka saba mpaka kumi na mitatu aandikishwe na ahudhurie. Sera mpya iliyozinduliwa Dodoma mwezi wa kwanza mwaka 2025 inasema elimu ya lazima ni miaka kumi. Texas iko mbali, mama."

Mama watoto hakujali Texas. Alikuwa anapiga hesabu kwa kidole mezani: ada, nauli, fulana. Dada yangu, ambaye miaka yote ndiye anayefundisha na mpaka hapo alikuwa hajasema neno, akauliza swali moja. "Sawa. Mkimtoa, nani atakaa naye kwa saa sita kila siku?"

Kukawa kimya. Shemeji akatazama pilau. Mke wangu siku hizi anafanya kazi benki, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nafanya kazi nyumbani siku tatu, lakini yale ya 2020 yameshaandikwa kwenye rekodi. Macho yote yakaanza safari, taratibu, bila aibu, kuelekea jikoni.

"Si Dada yupo?" Aliyesema hivyo ni mimi. Nakiri.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na sufuria la maji ya kunawa. Akanawisha kwanza Mwalimu, kisha mgeni, kwa mpangilio wake. Ndipo akasema: "Baba, samahani. Mimi naanza shule."

Alimaliza darasa la saba mwaka 2013. Alifaulu; jina lake lilibandikwa ukutani ofisi ya kata, namba ya nne kwa wasichana. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ikaongezwa dawati, sare, maabara ambayo haikuwa imejengwa bado. Baba yake akauza mbuzi wawili, mmoja akamtibia mama, mwingine hakutosha. Akabaki. Ada hiyo ikafutwa miaka miwili baadaye, yeye ameshaanza kulea watoto wa watu.

Haya nimeyajua siku ile, pale mezani, baada ya miaka sita ya kula chakula chake. Nilichojua zaidi nilikijua kwa binti yangu, aliyeingia kutoka chumbani akiwa na uso wa shahidi. Tangu yuko kidato cha kwanza, madaftari yake akimaliza nayo Dada huyachukua. Usiku, sisi tukishalala, wanasoma wote, binti anamfundisha Kiingereza, Dada anamfundisha hesabu. Wamefanya hivyo miaka mitatu. Mimi nilidhani bili ya umeme inapanda kwa sababu ya friji, na nimeshamlipa fundi mara mbili.

Anataka kufanya Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, ili akifaulu asajiliwe kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwalimu mstaafu alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyemtafutia kituo. Mke wangu alikuwa anajua nusu. Shemeji alisimama akampa mkono. Mimi, ili nionekane nina mchango, nikasema lete fomu nikujazie, mimi ndiye mwenye kalamu.

Nikaandika jina lake la kwanza. Nikasimama. Fomu ilitaka majina matatu.

"Niandike nani, Dada?" Akanitajia jina la baba yake na la babu yake, polepole, na kunirekebisha herufi. Mwalimu akanipa kalamu ya bluu, ile yangu ilikuwa imekauka.

Wageni wamesharudi Houston na sanduku lao. Mwanangu bado anabebwa kwenda garini akiwa amelala. Hoja ya kusomea nyumbani ilikufa palepale mezani kwa kukosa mwalimu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na moja jioni Dada anajifunga kitambaa, anachukua mkoba anakwenda darasani, na mimi nabaki na mtoto, daftari lake, na sinki.

Jana ilikuwa Jumatano. Mtoto aliniuliza maana ya neno fulani la Kiingereza nikamwambia asubiri. Akaniuliza hesabu ya kutoa nikamtafutia maharage, nikakuta yako jikoni yanachemka, na yameungua. Nikapiga kelele. Alikwenda zake ukutani, kwenye ile manila ya 2020 ambayo hakuna aliyewahi kuibandua, akaandika kwa chaki ya nta kitu ambacho sikukiona vizuri kwa moshi.

Saa mbili na nusu geti likalia. Dada akaingia, akavua viatu, akaweka daftari mezani, akasoma ukuta. Hakucheka, ingawa naona alitaka.

"Kazi ya nyumbani mmemaliza?" akauliza.

Mwanangu akafungua daftari. Mimi nikaangalia sinki.